Mkituuliza, Mtujibu



Leo nakuomba twende Chimala, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Wengi wenu mnapajua kwa kupita tu. Basi la Mbeya likishaacha Igawa linakimbia kando ya tambarare, linasimama Chimala kidogo, abiria wanaulizia bei ya mchele, kisha safari inaendelea kuelekea Igurusi na Uyole. Lakini ukishuka ukakaa hapo siku mbili tatu, utaona kuwa Chimala ni mahali panapoweza kutufundisha somo moja kubwa: nani anapanga matumizi ya ardhi ya umma, na nani anaulizwa.

Elekeza uso kusini. Mbele yako kuna ukuta wa milima. Barabara yenye kona 57 inapanda kwenda Matamba, wilaya ya Makete, na malori ya viazi yanashuka nayo taratibu. Huko juu kuna Hifadhi ya Taifa Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Sasa geuka kaskazini. Hilo ni bonde la Usangu: majaruba ya mpunga, mifereji, makundi ya ng'ombe, na mbali zaidi ardhioevu ya Ihefu, ambayo tangu mwaka 2008 imeingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa Ruaha. Mtu wa Chimala, basi, anaishi kati ya hifadhi mbili. Mpaka ukisogezwa kilometa chache upande wowote, sufuria yake inaguswa.

Na yako pia, msikilizaji wa Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma. Mito inayoshuka kutoka milima hiyo, Mbarali, Kimani, Chimala na mingine, inakusanyika Usangu na kuwa Mto Ruaha Mkuu. Maji hayo yanapita Ihefu, yanavuka Hifadhi ya Ruaha, yanaingia bwawa la Mtera lenye mitambo ya megawati 80, yanateremka Kidatu kwenye megawati 204, kisha yanaungana na Rufiji kabla ya kufika bwawa la Julius Nyerere. Wenye umri wangu mnakumbuka mgawo wa umeme wa miaka ya 1990. Tulikaa gizani tukiulizana nani amekula maji. Kwa hiyo sitaki mtu aseme kuwa mambo ya Usangu ni ya Wasangu peke yao.

Nina jambo moja tu la kusema leo. Chombo cha umma kinapowaita wananchi na kuwaambia, "Toeni maoni juu ya mpango huu wa ardhi," chombo hicho kimekopa. Kimekopa muda wa watu, ujuzi wao na imani yao. Na deni hilo hulipwa kwa jibu. Si lazima jibu liwe "ndiyo". Linaweza kuwa "hapana, kwa sababu hizi". Lakini maoni yaliyopokelewa bila kujibiwa ni sawa na barua iliyotiwa kwenye sanduku la posta lisilofunguliwa.

Hebu tutazame yaliyotokea Usangu, kwa miaka yake.

Kuanzia mwaka 1993, Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Viboko wakabanana kwenye vidimbwi vya tope. Lawama zikaanza. Wenye hifadhi wakatazama ng'ombe. Wenye ng'ombe wakatazama mashamba ya mpunga. Wenye mpunga wakatazama mvua. Mwaka 1998 sehemu ya bonde ikatangazwa kuwa Pori la Akiba la Usangu. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitoa ahadi akiwa London kwamba ifikapo mwaka 2010 mto huo utakuwa ukitiririka mwaka mzima. Ahadi njema. Lakini angalia mahali ilipotolewa: London. Mkulima anayefungua banio lake alfajiri pale Chimala aliisikia redioni kama wewe na mimi.

Miaka hiyohiyo wataalamu walikuwa bondeni. Mradi uliojulikana kwa kifupi kama SMUWC, uliogharamiwa na Uingereza, ulichunguza maji, mimea, mifugo na kilimo cha Usangu. Hitimisho lake liliwashangaza wengi. Sababu kubwa ya mto kukauka kiangazi haikuwa ng'ombe. Ilikuwa maji yanayochepushwa na mabanio ya mashamba wakati mto ukiwa mdogo, yakaendelea kutiririka kwenye mifereji hata pale ambapo shambani hakuna mpunga wa kunywesha. Ihefu ni kama beseni lenye ukingo wa mwamba pale Ng'iriama. Maji yakipungua yakawa chini ya ukingo, hata tone halitoki kwenda chini. Ukitaka mto utiririke, lazima uongeze maji yanayoingia kwenye beseni.

Je, uamuzi uliofuata ulitokana na hayo? Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Usangu kwa operesheni. Familia zilitawanyika na makundi yao, wengine wakielekea mikoa ya kusini. Mwaka 2008 Tangazo la Serikali namba 28 likaingiza Pori la Usangu, na ardhi nyingine pamoja nalo, katika Hifadhi ya Ruaha. Hifadhi ikapanuka hadi kilometa za mraba zipatazo 20,000, ikawa kubwa kuliko zote nchini kwa wakati ule. Ndani ya mstari huo kulikuwa na vijiji vilivyosajiliwa, vyenye wenyeviti, shule na masanduku ya kura.

Na mto? Uliendelea kukauka. Mwaka 2022 ulikauka tena, na picha za wanyama wakihangaika tulizitazama sote.

Sisemi kwamba serikali haikuwa na sababu. Mgala muue na haki yake umpe. Ardhioevu ya Ihefu ni mali ya taifa zima. Ikifa, tutalia sote, mkulima wa Chimala akiwa wa kwanza. Serikali iliyokaa kimya ikitazama mto unakufa ingestahili lawama kubwa zaidi. Ninachosema ni kwamba waliokuwa wakiujua mto huo kila siku, wanaofunga na kufungua mabanio, wanaonywesha ng'ombe, wanaolima vinyungu mabondeni, walikuwa na la kusema kabla mstari haujachorwa. Wangeulizwa na kujibiwa, huenda tungeanza na mabanio.

Gharama ya kutokujibu ilikuja baadaye. Kwa zaidi ya miaka 10 watu walilima na kujenga juu ya mpaka ambao kwenye karatasi upo na ardhini haueleweki. Oktoba 2022 ikatangazwa kwamba vijiji vitano, pamoja na vitongoji vya vijiji vingine, vipishe hifadhi. Mwaka 2023 wananchi zaidi ya 800 wakaenda Mahakama Kuu Mbeya. Oktoba mwaka huohuo likatoka Tangazo namba 754 lililochora mipaka upya. Mwaka huohuo pia malalamiko yakafika Washington, kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, kuhusu mradi wa REGROW wa kuendeleza utalii na hifadhi za kusini, uliotengewa dola milioni 150. Serikali ilizikana tuhuma za ukatili. Hata hivyo, Aprili 2024 Benki ikasimamisha fedha, na Novemba mwaka huo mradi ukafutwa.

Pima hasara hiyo, msikilizaji. Mtu ambaye hakujibiwa na ofisi iliyo mwendo wa baiskeli kutoka kwake, sauti yake ilizunguka dunia ikarudi imebeba gharama ya mamilioni ya dola. Mkutano wa kijiji ungegharimu daftari, kalamu na kivuli cha mwembe.

Sasa utaniuliza: kwani sheria inasemaje? Sheria ipo, na mimi nakushauri uijue. Ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia wote. Imegawanywa katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inaeleza jinsi ardhi ya kijiji inavyoweza kuhamishwa kwenda fungu jingine kwa manufaa ya umma. Lazima tangazo litoke katika Gazeti la Serikali na lipelekwe kwa halmashauri ya kijiji, likitaja eneo, ukubwa na sababu. Lazima zipite siku zisizopungua 90. Wenye kuitumia ardhi hiyo wana haki ya kutoa hoja zao, na hoja hizo lazima zizingatiwe. Hali kadhalika, ardhi haihamishwi mpaka fidia iwe imekubaliwa.

Lakini ndani ya sheria hiyo kuna kifungu kinachonikosesha usingizi. Eneo likiwa halizidi hekta 250, mkutano wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hekta 250, mkutano wa kijiji unatoa mapendekezo, na Waziri ndiye anayeamua. Maana yake nini? Kadiri ardhi inayochukuliwa inavyokuwa kubwa, ndivyo sauti ya kijiji inavyokuwa ndogo! Ukichukuliwa uwanja wa mpira una neno la mwisho; ukichukuliwa bonde zima una neno la ushauri. Kama ni hivyo, basi huo ushauri ujibiwe kwa uzito wake, maana ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho mwanakijiji.

Halafu kuna hilo Gazeti la Serikali lenyewe. Nani Chimala analinunua? Kwa miaka mingi matangazo ya mipaka yaliandikwa kwa Kiingereza, yamejaa namba za digrii na majina ya vilima. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua nzuri. Ila hata kwa Kiswahili, namba za digrii hazimwambii mama anayepanda mpunga kama jaruba lake liko ndani au nje. Huyo anataka kigingi. Anataka mtu atembee naye, amwonyeshe: kutoka mti huu mpaka mto ule.

Niliwahi kualikwa katika kikao kimoja cha wadau, mkoa sitautaja. Mpango wa kusimamia eneo la hifadhi ulikuwa umekwishaandikwa, ni kitabu kinene cha Kiingereza. Mtaalamu alituonyesha ramani ukutani kwa saa nzima. Tulipewa dakika 40 za maswali, tukiwa watu zaidi ya 60. Mzee mmoja mfugaji alisimama akauliza swali la maana sana: "Wanangu, hapa mlipopaka rangi ya kijani ndipo tunaponyweshea mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi tukanyweshee wapi?" Swali likaandikwa kwenye karatasi kubwa. Tukala wali kwa nyama, tukasaini karatasi ya posho, tukaondoka. Kitabu kilipotoka, orodha ya walioshirikishwa ilikuwa kamili, na jina la mzee yule lilikuwamo. Jibu la swali lake halikuwamo.

Huo ndio ugonjwa wetu, ndugu msikilizaji. Tumejifunza kuhesabu vichwa badala ya kujibu hoja. Tunasema mpango ni "shirikishi" kwa sababu watu walikuja. Watu hufika hata msibani, lakini haina maana kwamba waliulizwa kabla ya mtu kufa!

Najua hoja ya upande wa pili. Utasikia mtaalamu akisema: "Wananchi hawaelewi mambo ya mabonde na mifumo ya maji, ukiwauliza kila mtu atavutia kwake." La hasha. Usangu yenyewe imetoa ushahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, walitumia ubao uliochongwa mfano wa mto. Gololi zilitiririshwa kutoka juu kuwa ndiyo maji, na wachezaji, wakulima na watumiaji wengine wa maji, wakaweka vijiti pembeni kuwa ndiyo mabanio. Kila mtu akavuta gololi zijaze vishimo vya shamba lake. Walioko juu wakajaza, walioko chini wakabaki mikono mitupu. Hakuna aliyehitaji kuhutubiwa. Baada ya kicheko na ugomvi kidogo, watu walianza wenyewe kuzungumzia zamu na kiasi cha kuacha kipite. Mtu aliyesoma darasa la nne alielewa bonde zima mchana mmoja, kwa sababu aliulizwa kwa lugha anayoijua.

Na historia yetu pia inatushuhudia. Mwaka 1991 na 1992 Tume ya Rais kuhusu masuala ya ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji, ilizunguka mikoa yote ya Bara ikafanya mikutano ya hadhara 277, watu wapatao 83,000 wakahudhuria. Waliongea! Walitaja mipaka, mashamba ya mashirika, wakubwa waliojigawia. Tume ilipendekeza ardhi ya vijiji iwe chini ya mikutano ya vijiji yenyewe. Serikali haikukubali pendekezo hilo. Sera ya Ardhi ya 1995 ikabakiza ardhi chini ya Rais. Unaweza kukubaliana na uamuzi ule au usikubaliane nao. Lakini tume hiyo ilituachia kipimo: kuuliza watu kwa maelfu tunaweza, na tuliweza kabla ya simu za mkononi.

Wenzetu nao wana lao. Kenya waliandika ushiriki wa wananchi ndani ya Katiba yao ya 2010, na mahakama zao zimewahi kutengua sheria kwa sababu wananchi hawakuulizwa ipasavyo. Marekani, kwa miongo kadhaa, mashirika yanayosimamia ardhi ya umma yamekuwa na utaratibu wa kuchapisha rasimu ya mpango, kupokea maoni kwa muda uliotajwa, kisha kuchapisha majibu ya hoja zilizotolewa. Si kwamba wao hawagombani, wanagombana sana. Lakini aliyeandika barua anaweza kufungua kitabu na kuona hoja yake ilijibiwaje.

Kwa hiyo mimi napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo.

Kwanza, kuulizwa kuje kabla ya ramani. Ramani iliyokwisha pakwa rangi haiulizi, inatangaza.

Pili, kuulizwa kufuate majira na mahali. Usiitishe mkutano wakati wa kupandikiza mpunga halafu ukasema watu hawakujitokeza. Usimtafute mfugaji kijijini wakati ng'ombe wako mbugani. Na usiwaulize wenyeviti peke yao; waulize kina mama wenye vinyungu, maana wao ndio wa kwanza kuona kisima kinashuka.

Tatu, mpaka utembelewe kwa miguu, pamoja na wazee wa pande zote mbili, kabla ya kigingi cha kwanza kuchimbiwa.

Nne, na hili ndilo kubwa, uwepo mkutano wa pili. Waliokuja kuuliza warudi kwenye uwanja uleule, wasome hoja moja moja: hii tumeikubali, hii tumeikataa, na sababu ni hii. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili. Ofisa atakayejua kwamba lazima arudi kujibu, atauliza kwa makini tangu mara ya kwanza.

Nanyi wananchi, msije mkadhani nimewasahau. Asiyekuwepo na lake halipo. Mkutano wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe. Wangapi tunakwenda? Tunaacha wazee kumi na mtendaji wao, kisha muhtasari unaandikwa "wananchi wote kwa kauli moja". Nenda. Uliza muhtasari usomwe. Hoja yako iandikwe kwa maneno yako, na ubaki na nakala. Na mlioko mjini mwenye mashamba nyumbani, msisubiri kupigiwa simu kwamba kigingi kimeota katikati ya mpunga.

Mipaka ya Ruaha imechorwa 2008, ikachorwa tena 2023. Si ajabu ikaguswa tena siku moja, hapo au kwingine, maana nchi inakua na maji hayaongezeki. Siku hiyo ikifika, tusiwapime wakubwa kwa idadi ya mikutano waliyofanya. Tuwapime kwa swali la mzee yule: mwezi wa kumi tukanyweshee wapi? Wakiwa na jibu, hata kama ni chungu, watu watakaa nalo. Wasipokuwa nalo, basi mpango haujaisha, hata ukiwa umefungwa kwa jalada la dhahabu.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.